Sura ya Sita: Mkasi, Gundi na Uso wa Malkia

Kwa kinyozi wa mtaani kwetu, panki ni mtindo wa nywele. Unakaa, unafungwa kitambaa shingoni, unataja jina la mtindo, na mashine inaanza kupita pembeni mwa kichwa. Ukifika Mwanza, mapanki ni kitu kingine kabisa: mifupa na vichwa vya sangara vinavyobaki kiwandani baada ya minofu kukatwa na kupakiwa kwenda Ulaya. Minofu inapanda ndege. Mapanki yanakwenda sokoni, yanakaangwa, yanaliwa.

Naomba msomaji aziweke maana hizo mbili karibu, hasa ile ya samaki. Panki ya Waingereza ilianzia kwenye mabaki muda mrefu kabla haijafika kwenye nywele. Hata neno lenyewe, kwa Kiingereza cha zamani, lilikuwa tusi la mtu asiye na faida, na pia jina la ukuni uliooza, ule mkavu mwepesi ambao haufai kujengea lakini unashika cheche haraka.

Wengi wanaijua panki kama muziki: gitaa tatu zinazopiga kelele na kijana anayefoka. Muziki nitauacha kwa wenye masikio mazuri kuliko yangu. Ninachotaka kukitazama hapa ni karatasi. Majalada ya santuri, mabango, vijarida vya kubanwa kwa pini ya stepla, vipeperushi vilivyobandikwa usiku na kubanduliwa asubuhi. Sauti za bendi nyingi za wakati ule zimesahaulika, ila karatasi zao bado zinaonekana kila mahali, mara nyingi kwenye vitu ambavyo wenyewe wangevichoma moto. Mtoto wa mmoja wao alivichoma kweli, na nitafika huko.

London, mwaka 1976. Kiangazi kilikuwa cha ukame usio wa kawaida, bei zilipanda kila mwezi, na kabla mwaka haujaisha serikali ya Uingereza ilikwenda kuomba mkopo Shirika la Fedha la Kimataifa, kama nchi zetu zilivyozoea kufanya baadaye. Mark Perry alikuwa na miaka 19, karani wa benki kutoka Deptford, kusini mwa jiji. Alitaka kusoma kuhusu muziki mpya uliokuwa ukitoka New York, na gazeti la kumwandikia hayo halikuwepo. Basi Julai akaliandika mwenyewe. Alitumia taipureta ya kuchezea watoto, akaandika kichwa cha gazeti kwa kalamu nene ya wino, akampa mpenzi wake kurasa akazitolee kopi ofisini kwake. Toleo la kwanza la Sniffin' Glue lilikuwa na nakala 50. Makosa ya taipu yalikatwa kwa mstari na kuachwa palepale. Mwaka uliofuata, likiwa na wasomaji wa maelfu, akalifunga, na watu wote aliowashawishi kuanzisha vijarida vyao wakaendelea bila yeye.

Kuna mchoro mmoja unaohusishwa na gazeti hilo karibu kila panapotajwa panki: namna tatu za kushika nyuzi za gitaa zimechorwa kwa haraka haraka, na chini yake msomaji anaambiwa kwamba hizo zinatosha, akaanzishe bendi. Mchoro huo haukuwa wa Perry. Ulitoka katika kijarida kingine, Sideburns, Januari 1977. Nalitaja hili kwa sababu kosa lenyewe linaeleza jambo: vijarida vilikuwa vingi, vilifanana, na havikuwa na mwenyewe. Mtu alichukua cha mwenzake, akakiongezea, akakipeleka mbele.

Sasa tuitazame mashine, maana nusu ya uzuri wa panki ni kazi ya mashine ya fotokopi na udhaifu wake. Mashine za wakati ule zilijua rangi mbili tu, nyeusi na nyeupe. Kijivu hazikukifahamu. Ukiweka picha ya mtu yenye vivuli laini vya shavu na shingo, inakurudishia uso ulioungua: macho, matundu ya pua, mstari wa mdomo, na weusi chini ya kidevu. Ukitoa kopi ya kopi, hata mstari unaanza kumomonyoka, na vumbi la kwenye kioo linageuka madoa meusi kama nzi. Mchapaji wa kawaida angesema kazi imeharibika. Vijana wale waliona imekuwa na nguvu zaidi.

Herufi nazo zilikuwa na gharama. Kichwa cha habari kilichopangwa vizuri kilihitaji kwenda kwa mpangaji chapa na kumlipa. Njia ya bei nafuu ilikuwa Letraset, ile karatasi ya plastiki yenye herufi za kusugua moja moja hadi zihamie kwenye ukurasa wako, lakini nayo ilinunuliwa, na ilikuwa na tabia ya kuishiwa herufi unayoihitaji zaidi. Kwa Kiingereza iliisha e. Kwa Kiswahili ingekuwa a, na ingeisha kabla ya chakula cha mchana. Magazeti ya jana, kwa upande wake, yalikuwa bure, na yalijaa herufi kubwa za kila umbo. Mkasi, gundi, basi.

Matokeo yake yalifanana na barua ya mtekaji nyara anayedai kikomboleo, anayekata herufi magazetini ili mwandiko wake usitambulike. Bendi iliyojulikana zaidi kwa mwandiko huo ni Sex Pistols, na mtu anayepewa sifa ni Jamie Reid. Anastahili sehemu kubwa, lakini si yote. Kabla Reid hajaingia, Helen Wellington-Lloyd, mzaliwa wa Afrika Kusini na rafiki wa meneja wao Malcolm McLaren, alikuwa akikata herufi magazetini kwa ajili ya vipeperushi vya bendi hiyo. Historia ya sanaa ina ugonjwa wa zamani wa kusahau mkono wa mwanamke ulioshika mkasi kwanza. Huko Berlin, miaka karibu 60 kabla, Hannah Höch alikuwa akikata magazeti na kuunganisha vichwa vya wanasiasa na miili ya wacheza dansi, na wenzake wa kiume wa kundi la sanaa lililoitwa Dada hawakuwa na haraka ya kumtaja.

Reid alizaliwa Croydon mwaka 1947. Chuo cha sanaa cha huko ndiko alikokutana na McLaren, na mwaka 1968, wanafunzi wa Paris walipokuwa barabarani, wao nao walikalia majengo ya chuo chao. Mwaka 1970 alishiriki kuanzisha matbaa ndogo iliyoitwa Suburban Press, na kazi yake ya mwanzo huko ilikuwa ya uchokozi mtupu. Kulikuwa na stika za kubandika kwenye vioo vya maduka, zenye sura ya tangazo halali, zikiwakaribisha wezi wa dukani kwa furaha. Kulikuwa pia na picha ya mabasi mawili yenye vibao vya safari, moja likielekea Kusiko Mahali na jingine likielekea Uchovu. Picha ya mabasi haikuwa yake tangu asili. Kikundi cha Wamarekani kiliitumia katika kijitabu kuhusu usafiri wa umma wa San Francisco, Reid akaichukua, na mwaka 1977 ikaishia kwenye jalada la santuri ya Pretty Vacant. Yeyote aliyewahi kusimama kituoni akisoma kibao cha daladala asiyoihitaji atauelewa mzaha ule bila maelezo.

Hapa ndipo ninapotofautiana na simulizi ya kawaida, ile inayosema panki ilikuwa sanaa ya watoto wasiojua kitu. Perry hakuwa na mafunzo, sawa. Reid alikuwa nayo. Alikuwa amekwisha fanya uchapaji kwa miaka, alizisoma nadharia za Wafaransa waliofundisha kwamba picha ya mwenye nguvu unaweza kuiteka na kuigeuza imtukane mwenyewe, na mwaka 1974 alihusika na michoro ya kitabu kilichokusanya maandishi yao kwa Kiingereza. McLaren alipomwita mwaka 1976, Reid alikuwa kisiwani Lewis, kaskazini-magharibi mwa Uskoti, mbali na kelele zote. Alirudi akiwa na mkono uliokwisha kuiva. Ule ubaya wa kazi yake ulipimwa kwa rula.

Ubaya huo ulipata mtihani wake mwaka 1977, mwaka wa jubilei ya fedha ya Malkia Elizabeth. Miaka 25 iliyokuwa ikisherehekewa ilianza kuhesabiwa huku kwetu Afrika Mashariki. Usiku wa kuamkia tarehe 6 Februari 1952, binti mfalme alilala Treetops, ile hoteli ya juu ya mti kwenye msitu wa Aberdare karibu na Nyeri, na baba yake alifariki Uingereza usiku huohuo. Habari zilimkuta akiwa Sagana. Kuanzia hapo uso wake ulianza kutembea mikononi mwa watu wetu: ulikuwa kwenye noti za shilingi za Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, ulikuwa kwenye stempu. Bibi yangu alikuwa na noti moja ya aina hiyo ndani ya kopo la majani ya chai, imekunjwa mara nne hadi mkunjo ukapita katikati ya shavu. Alimwita "yule mama wa noti". Hakumchukia, hakumpenda, alimtunza kama mtu anavyotunza risiti.

Ninasema hivi ili msomaji auone uso ule kama Waingereza walivyouona, kitu cha kila siku kilichokuwa juu ya kila barua na ndani ya kila pochi. Reid alichukua picha rasmi ya malkia, akampitishia ukanda machoni na mwingine mdomoni. Kanda zenyewe zina kingo zilizochanika, kama zimepasuliwa kwa kucha. Ndani ya ukanda wa juu mna jina la wimbo, God Save the Queen, ambalo pia ni jina la wimbo wa taifa. Ndani ya ule wa chini mna jina la bendi. Herufi ni za magazeti, hakuna mbili zenye kimo kimoja. Picha yote imepigwa kwa buluu na fedha, fedha ileile ya vikombe na sahani za jubilei zilizojaa madukani mwaka ule.

Itazame kwa karibu uone ilivyo na akili. Magazeti yanapotaka kumficha mtuhumiwa humziba macho kwa mstari mweusi. Kwa hiyo jicho la msomaji lilikwisha kufundishwa: aliyezibwa macho ni mhalifu, au ni mateka. Reid hakusema ni lipi. Na mdomo uliozibwa je? Pengine ni malkia aliyenyamazishwa, pengine ni sisi. Katika toleo jingine, lile la bango, malkia amechomekwa pini ya nepi mdomoni, na hilo ndilo linalopendwa na wauza fulana. Mimi naona la kanda ni bora mara kumi. Pini ni mzaha wa mvulana wa shule. Kanda ni hoja.

Santuri yenyewe ilipita misukosuko ya kutosha kitabu kizima. Kampuni ya A&M ilisaini mkataba na bendi mbele ya kasri la Buckingham tarehe 10 Machi 1977, ikauvunja siku chache baadaye, na nakala takriban 25,000 zilizokuwa tayari zikaharibiwa karibu zote; chache zilizobaki leo zinauzwa kwa maelfu ya pauni. Virgin iliitoa tarehe 27 Mei. BBC ilikataa kuipiga. Pamoja na hayo ikafika nafasi ya 2 katika chati, na baadhi ya orodha zilizobandikwa madukani ziliiacha nafasi hiyo tupu, mstari mweupe kati ya jina la kwanza na la tatu. Sijui kama kuna msanifu yeyote wa panki aliyewahi kubuni kitu kikali kama ule weupe uliowekwa na wenye maduka wenyewe. Siku chache baada ya sikukuu za jubilei, Reid alishambuliwa mtaani, akavunjwa mguu na pua. Karatasi inaweza kuumiza, na aliyeitengeneza anaweza kulipishwa.

Oktoba ya mwaka huohuo ikatoka albamu yao. Jalada halikuwa na picha ya mtu hata mmoja, jambo la ajabu kwa bendi iliyokuwa kwenye kila ukurasa wa mbele. Lilikuwa njano kali, waridi kali, na herufi nyeusi, kama tangazo la punguzo la bei kwenye dirisha la duka la vyakula. Katikati ya kichwa chake kulikuwa na neno la mitaani linalotaja korodani. Polisi wa Nottingham walimkamata meneja wa duka aliyelitundika dirishani, kwa kutumia sheria ya matangazo machafu ya mwaka 1889. Kesi ilisikilizwa Novemba 24. Wakili wa utetezi, John Mortimer, alimleta kizimbani profesa wa Kiingereza, James Kinsley, naye akawaeleza mahakimu kwa utulivu wa kisomi kwamba neno hilo ni la kale, limo katika majina ya mahali, na liliwahi kutumika kuwaita makasisi. Mahakimu walimwachia, kwa shingo upande. Wapenzi wa ushairi wetu wanaojua jinsi neno moja linavyoweza kuvaa nguo tatu wangeifurahia asubuhi ile.

London ina tabia ya kudai kila kitu ni chake, na nimekaa huko muda mrefu mno. Twende Manchester.

Linder Sterling alikuwa mwanafunzi wa usanifu wa picha chuoni Manchester Polytechnic. Alikusanya magazeti ya aina mbili. Upande mmoja kulikuwa na ya wanawake: mapishi, mitindo, namna ya kuipamba sebule. Upande mwingine kulikuwa na ya wanaume: magari, ufundi wa nyumbani, na wanawake uchi. Aliweka kioo mezani, akachukua kisu cha daktari wa upasuaji, na akaanza kuwafanyia watu hawa operesheni. Aliligundua jambo ambalo wasomaji wa magazeti hayo hawakuwahi kuliona kwa sababu hakuna aliyesoma marundo yote mawili: mwanamke wa upande huu na mwanamke wa upande ule walikuwa na tabasamu moja.

Kazi yake iliyojulikana zaidi ni ya jalada la santuri ya Buzzcocks, Orgasm Addict, ya Novemba 1977. Mwili wa mwanamke uliopakwa mafuta unang'aa, mikono ameiinua. Mahali pa kichwa pana pasi ya umeme. Penye chuchu pana midomo miwili inayocheka na meno meupe. Malcolm Garrett, mwanafunzi mwenzake aliyepanga jalada, aliondoa rangi zote za asili akaipiga buluu juu ya njano, na kufanya hivyo kukaificha mishono: huoni tena kipande kilipoanzia na kilipoishia, unamwona kiumbe kamili mwenye kichwa cha pasi. Nimeitazama picha hiyo mara nyingi, na kinachonishika ni waya. Pasi ile haikuchomekwa popote. Leo kazi zake za wakati ule zimo katika hazina ya jumba la sanaa la Tate, nazo hazijapoa.

Si kila kitu kilikuwa cha kusifiwa. Baadhi ya vijana wale walivaa alama ya Wanazi ili kuwaudhi wazazi wao waliopigana vita, na visingizio vilivyotolewa baadaye havijawahi kunishibisha. Nje ya kumbi zao, chama cha National Front kilikuwa kikivuna kura za chuki, hasa tangu Wahindi waliofukuzwa Uganda na Idi Amin walipofika mwaka 1972. Agosti 1976 Eric Clapton, aliyetajirika kwa muziki wa watu weusi, alipanda jukwaani Birmingham akawaambia wasikilizaji kwamba wageni waondoke. Jibu lake likawa Rock Against Racism, na gazeti lao Temporary Hoarding lilichukua mkasi na gundi za panki na kuzipa kazi ya maana. Wasanifu kama Ruth Gregory na Syd Shelton walipanga kurasa ambazo zilikunjuka zikawa bango la ukutani. Tarehe 30 Aprili 1978 maelfu kwa maelfu ya watu waliandamana hadi Victoria Park, mashariki mwa London. Mmoja wa walioimba pale alikuwa Poly Styrene, binti wa baba Msomali na mama Mzungu, aliyejichagulia jina la plastiki kwa sababu, kwa maoni yake, kila kitu kilichomzunguka kilikuwa cha plastiki na cha kutupwa. Jalada la albamu ya bendi yake mwaka huo liliwaweka wanamuziki wote ndani ya mirija mikubwa ya maabara, kila mmoja na wake.

Kisha kuna Gee Vaucher, na kwake yeye ningeweza kuandika sura nzima peke yake. Aliishi, na bado anaishi, katika nyumba ya shamba huko Essex iitwayo Dial House, pamoja na watu wa bendi ya Crass. Aliwahi kufanya kazi New York, akichora kwa ajili ya magazeti makubwa. Majalada aliyowatengenezea Crass yalikunjuka mara sita hadi yakawa mabango ya rangi nyeusi na nyeupe: watoto, wanajeshi, maiti, viongozi wa dunia, vyote vimebanana katika uchochoro mmoja kama vimekatwa kwenye magazeti ya vita na kubandikwa. Nje yake iliandikwa bei ya juu kabisa ambayo mnunuzi hapaswi kuizidisha, onyo kwa wenye maduka.

Kwa miaka nilidhani picha hizo ni za kubandika. Karibu kila mtu alidhani hivyo. Nyingi hazikubandikwa hata kidogo. Vaucher alizichora, kwa brashi na rangi ya maji nzito iitwayo gwashi, nukta kwa nukta, kijivu kwa kijivu, akiiga hata tofauti ya ukungu kati ya picha moja ya gazeti na nyingine. Fikiria saa alizotumia. Ukitaka kujua kama ubaya wa panki ulikuwa uvivu, mfikirie mwanamke huyo mezani, wiki baada ya wiki, akichora kwa mkono kitu kinachoonekana kama kimefanywa kwa mkasi katika dakika 10. Alitaka nini? Nadhani alitaka ukubali kwamba tukio lile limetokea. Picha ya kuchorwa unaweza kuibishia. Picha ya gazeti unaipokea kabla hujafikiri. Mwaka 2016 Waingereza wengi waliuona mkono wake bila kulijua jina lake, pale Daily Mirror ilipoweka ukurasa wa mbele mchoro wake wa 1989 wa sanamu ya Uhuru ya New York ikijifunika uso kwa viganja, baada ya Donald Trump kuchaguliwa.

Kilichofuata kinajulikana zaidi kwa wanafunzi wa usanifu, nami nitakipitia mbio. Neville Brody, akiwa mwanafunzi London, nusura afukuzwe chuo kwa kuweka kichwa cha malkia kimelala ubavu kwenye stempu aliyoisanifu. Baadaye akayabadili magazeti ya Uingereza kupitia jarida la The Face. Peter Saville, rafiki wa Garrett tangu shuleni, alikwenda upande wa pili kabisa: usafi, nafasi tupu, ukimya. Mwaka 1979 jalada la Joy Division lilibeba mistari myeupe juu ya weusi, ambayo ni mawimbi ya nyota ya mbali yaliyonakiliwa kutoka ensaiklopidia ya elimu ya nyota. Halina alama yoyote ya panki machoni, lakini tendo ni lilelile: picha ya kuokotwa kwenye kitabu cha mtu mwingine, ikapewa maisha asiyoyatarajia. Leo inavaliwa na watu ambao hawajawahi kuisikia bendi hiyo. Nimeiona kwenye fulana ya mtumba soko la Karume, shilingi 3,000, na muuzaji akaniapia ni ramani ya milima.

Mwaka 2015 benki moja yenye jina la Virgin ilitoa kadi za mkopo zenye michoro ya Reid. Mwaka uliofuata, tarehe 26 Novemba, Joe Corré, mtoto wa McLaren na mwanamitindo Vivienne Westwood, alipanda mashua kwenye mto Thames akachoma moto mkusanyiko wake wa nguo na vitu vya panki, ambao mwenyewe aliukadiria kuwa na thamani ya pauni milioni 5. Alikasirishwa na sherehe rasmi za miaka 40. Magazeti yalimcheka. Mimi sikucheka sana, ingawa niliumia kwa zile karatasi.

Nilipokuwa nikiiandika sura hii nilitaka kujua mikono yao ilihisi nini, nikakata magazeti ya wiki nzima na kuandika neno moja, MAPANKI, kwa herufi saba. Ilinichukua alasiri. P ilinisumbua; nikaipata kwenye tangazo la pampu za maji. Nikapeleka karatasi yangu stesheneri ya jirani.

"Shikamoo baba. Kopi ngapi?"

"Marahaba mwanangu. Moja, halafu unitolee kopi ya hiyo kopi, na kopi ya hiyo nyingine."

Akatoa ya kwanza, akaitazama, akapangusa kioo kwa kipande cha kanga. "Imetoka na weusi pembeni. Ngoja niiweke safi."

"Iache hivyohivyo."

Mashine zao siku hizi ni nzuri mno. Zinajua kijivu, na zinasahihisha bila kuombwa. Ilibidi ahangaike na vitufe hadi ikakubali kuharibu. Kopi ya sita ndiyo iliyoanza kupendeza. Akawa ananitazama kwa huruma, na mwishoni akaniita nyuma ya kaunta.

"Baba, ungeniambia mapema tu. Kuna fonti ya hivi ipo tayari, ya bure, wanaitumia kwenye kadi za bethidei."

Akaandika neno langu kwa sekunde tatu. Herufi zilitoka zimechanika vizuri kabisa, kila moja na karatasi yake, M nyekundu, P ya gazeti la kizungu. Nikainama karibu na kioo. A ya kwanza ilikuwa imepasuka kona ya kushoto, chini kidogo. A ya pili ilikuwa imepasuka kona ya kushoto, chini kidogo.